Kusoma Falsafa kwa Kiingereza cha Kati: Maneno Madogo, Mzigo Mkubwa



Baadhi ya vijana wanaopitia madrasa hufika chuo kikuu, na miongoni mwao wapo wanaosoma falsafa. Hao hukabiliwa na mitihani miwili kwa pamoja: somo lenyewe na lugha yake. Hapa Tanzania shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kikuu masomo mengi ni kwa Kiingereza. Kijana huingia chuoni na Kiingereza cha kati. Anafuata taarifa ya habari na anaandika barua ya maombi, lakini akifungua ukurasa wa falsafa anakwama. Tumeona vyema tueleze anakwama wapi, na ajikwamue vipi.

Maneno madogo

Wengi hudhani kikwazo ni maneno marefu. Hayo yana dawa yake, nayo ni kamusi. Yanayomwangusha mwanafunzi ni madogo anayodhani anayajua: "if", "only if", "unless", "since", "therefore".

Tuchukue mfano tunaoujua katika Fiqhi. Mtu akiandika: "Your prayer is valid only if you are in a state of purity", amesema kweli: bila twahara hakuna swala. Sasa ondoa neno "only". Sentensi inadai kuwa twahara peke yake inatosha, hata ukiswali kabla ya wakati kuingia au umeipa Qibla mgongo! Neno moja limegeuza hukumu yote. Mwanafunzi wa madrasa anajua tofauti hii tangu utotoni, kwa kuwa amefundishwa sharti ni nini. Kinachomkosa ni kuitambua ikiwa imevaa nguo za Kiingereza.

Vivyo hivyo "since" huweza kuwa "tangu" au "kwa kuwa". Ukiichukua kwa maana ya wakati mahali ilipotajwa sababu, hoja nzima inakupita.

Maneno yenye maana mbili

Kuna pia maneno ya kawaida ambayo falsafa huyapa kazi nyingine. "Argument" mtaani ni ugomvi wa maneno. Darasani ni hoja, yaani madai pamoja na sababu zake. "Accident" barabarani ni ajali. Kwa wanafalsafa wa zamani ni sifa inayokijia kitu bila kuwa asili yake. Waliosoma vitabu vikubwa vya Tawhidi wanaijua kwa jina la aradhi, ikitajwa pamoja na jauhari.

"Valid" nayo ina mtego. Hoja huitwa hivyo pale ambapo sababu zake zikiwa kweli, hitimisho haliwezi kuwa uongo. Mtu akisema samaki wote huishi juu ya miti, na changu ni samaki, basi changu huishi juu ya mti, hoja hiyo ni "valid" ingawa sababu yake ya kwanza ni uongo mtupu. Asiyejua hili atadhani mwalimu anautetea uongo.

Somo kutoka kwa waliotangulia

Jambo hili si geni. Ibn Rushd wa Andalusia, aliyeishi kati ya mwaka 1126 na 1198, alifafanua vitabu vya Aristotle bila kujua Kigiriki, akitegemea tafsiri za Kiarabu. Katika kitabu cha ushairi, tafsiri iliita tamthilia ya huzuni "madih", yaani shairi la kusifu, na ya kuchekesha "hija", yaani shairi la kukashifu. Naye akafafanua kwa kufuata hivyo. Akili hakupungukiwa. Alichokosa ni njia ya kulifikia neno la asili. Ikiwa bingwa kama yeye alipotezwa na neno, sisi tuna haja kubwa zaidi ya kuwa waangalifu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ametuachia njia. Ameeleza kwamba alisoma falsafa peke yake kwa muda usiofika miaka miwili, kisha akatafakari karibu mwaka mmoja. Aliandika kitabu cha kueleza makusudio ya wanafalsafa, na kingine cha kuwajibu. Alielewa kwanza, ndipo akajibu. Anayejibu asichokielewa hupigana na kivuli.

Tufanye nini?

Kwanza, soma aya moja mara tatu. Mara ya kwanza bila kamusi, ya pili ukipigia mstari maneno madogo ya kuunganisha, ya tatu ukijiuliza: anadai nini, na kwa sababu gani?

Pili, andika hoja hiyo kwa Kiswahili chako, kitabu kikiwa kimefungwa. Ukishindwa, hujaielewa bado. Ukiweza, irudishe kwa Kiingereza kwa sentensi fupi fupi. Sentensi fupi iliyo wazi ina thamani kuliko ndefu iliyojaa maneno ya kuazima.

Tatu, uwe na daftari la maneno lenye safu tatu: neno, maana ya mtaani, maana ya darasani.

Nne, fanyeni mudhakara kama mlivyozoea madrasa. Mmoja aeleze, mwenzake apinge kwa adabu, kisha mbadilishane. Na mwulizeni mhadhiri neno linalowatatiza, kwani haya haimpi mtu elimu.

Kwa wazazi

Wazazi wengine huhofu kwamba falsafa itamharibia mtoto dini yake. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini tuangalie pia hatari ya kusoma nusu nusu. Asiyeelewa alichosoma ama hukimeza kizima kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiingereza kizuri, ama hukitupa kizima pamoja na yaliyo ya haki ndani yake. Mwenye lugha hupima, akachukua na akaacha kwa hoja. Basi wasaidieni vijana mapema kwa vitabu na muda wa kusoma, na msiwacheke wanapokosea kutamka.

Tunamuomba Allah awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.