Ajali Ina Kinga Yake

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga, na neno hilo limekuwa likitumiwa mara nyingi kuliko linavyostahili. Dereva aliyepindua gari hulitamka. Tajiri aliyemwacha mtu akatwe mkono na mashine isiyo na kifuniko hulitamka. Na fundi aliyefunga bolti tatu mahali palipotakiwa nne hulitamka pia. Sisi hatuwakanushi wahenga, kwani ni kweli hakuna ajuaye siku wala saa. Lakini twadai kwamba aghalabu mahali ajali itakapopiga hujulikana mapema, na kinga yake hutengenezwa kwa chuma, kwa moto na kwa kipimo. Leo twapenda kulithibitisha jambo hilo kwa mfano ulio mbali nasi kwa masafa lakini karibu nasi kwa kazi, yaani mafundi wa Marekani wanaotengeneza magari ya mashindano ya mbio fupi.

Mashindano hayo ni mepesi kueleza. Magari mawili husimama sambamba katika njia iliyonyoka, taa ya kijani huwaka, na yote mawili huondoka kwa nguvu zote. Masafa ya asili ni robo maili, yaani kiasi cha mita 402. Hakuna kona wala mlima. Mchezo huu ulistawi baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa California walipokuwa wakikimbizana katika maziwa yaliyokauka, katika viwanja vya ndege vilivyoachwa, na hata katika barabara za watu. Mwaka 1951 Wally Parks aliunda chama kiitwacho NHRA, ili mbio hizo zitoke barabarani, zipate viwanja na ziwe na sheria. Katika mashindano yake, gari hukaguliwa kwanza kabla ya kuruhusiwa kukimbia.

Sheria zilizoandikwa kwa damu

Kitabu cha sheria hizo ni kinene, na mtu akikisoma kwa haraka aweza kudhani kwamba kimetungwa na makarani wasiojua spana. Sivyo hata kidogo. Nyuma ya vifungu vyake vingi yupo mtu aliyeumia au aliyekufa.

Tutoe mifano. Tarehe 8 Machi, 1970, katika kiwanja cha Lions, karibu na Long Beach, bingwa Don Garlits aliondoka mstarini, na papo hapo giaboksi ya gari lake ikapasuka. Siku hizo magari ya daraja la juu yaliundwa dereva akiwa nyuma ya injini, naye ameketi juu ya mitambo hiyo, miguu ikipita kando yake. Vipande vya chuma vilimkata sehemu ya mguu wa kulia, na gari likakatika vipande viwili. Garlits hakusema kwamba ajali haina kinga. Akiwa bado kitandani hospitali alianza kufikiri namna ya kuihamisha injini nyuma ya dereva. Mwaka 1971 alishinda mashindano makubwa ya Pomona kwa gari la namna hiyo, na haikupita miaka mingi ila karibu washindani wote wa daraja lile wakamfuata.

Mwaka 2007 kijana Eric Medlen alijeruhiwa kichwani alipokuwa akijaribu gari huko Gainesville, Florida, naye akafariki siku chache baadaye. Kutokana na kifo hicho wenzake walikitazama upya kizimba cha mabomba kinachomzunguka dereva, wakakipanua na kukitia mito zaidi. Tarehe 21 Juni, 2008, Scott Kalitta alikufa katika kiwanja cha Englishtown, New Jersey, baada ya injini kulipuka na gari kushindwa kusimama hata likapita mwisho wa kiwanja. Mwezi uliofuata masafa ya madaraja mawili yaliyo mepesi kuliko yote yalipunguzwa yakawa futi 1,000, yaani kiasi cha mita 305, ili pawe na nafasi kubwa zaidi ya kusimama.

Kazi ya fundi

Hao ni mabingwa wenye jina. Lakini wengi wanaoshiriki mchezo huu ni watu wa kazi: mafundi wa gereji, madereva wa malori na vibarua wa viwandani, ambao hununua gari kuukuu la kiwandani, wakaliongezea nguvu jioni baada ya kazi. Kwa hao sheria huanza kuuma gari linapozidi kuwa jepesi. Likimaliza robo maili kwa sekunde 11.49 au chini ya hapo, hudaiwa upinde wa bomba nyuma ya kiti. Likishuka chini ya sekunde 10, au likifikia mwendo wa maili 135 kwa saa, hudaiwa kizimba kamili. Likifikia maili 150 hudaiwa na parachuti ya kulisimamisha. Magari mapya ya kiwandani yamepewa nafuu yake, lakini gari kuukuu lililoongezwa nguvu halina msamaha.

Hebu tumfuate fundi katika kazi yake. Kwanza achague chuma. Kwa mabomba makuu ya kizimba aweza kutumia chuma laini chenye upana wa inchi 1 na 5/8 na unene wa inchi 0.118, ambao ni kama milimita 3. Au aweza kutumia feleji iliyochanganywa na kromiamu na molibdeni, ambayo kwa kuwa ina nguvu zaidi huruhusiwa unene wa inchi 0.083, yaani milimita 2 na ushei. Bomba la maji halifai, hata likipakwa rangi ya kupendeza, kwani lilitengenezwa kupitisha maji, halikutengenezwa kubeba gari lililopinduka.

Pili achukue vipimo vya mwili wa dereva. Upinde mkuu upite juu ya helmeti kwa inchi 3 au zaidi, wala usiwe mbali na kichwa kwa zaidi ya inchi 6. Bomba la ubavuni lipite baina ya bega na kiwiko, maana likiwa chini mno halimkingi mtu, na likiwa juu mno litamzuia kutoka moto ukiwaka. Kila mahali helmeti inapoweza kugonga pavishwe mto maalumu. Mikanda ya mabegani ifungwe karibu na usawa wa mabega. Ikifungwa chini sana, gari likigonga itamvuta mtu kuelekea sakafuni na kuuponda uti wa mgongo wake.

Tatu afikirie mahali kizimba kinaposimama. Gari lisilo na chesi lina sakafu ya bati, na bomba likikanyaga bati tupu litalitoboa kama kijiti kitoboavyo karatasi. Kwa hiyo huwekwa bamba la chuma juu ya sakafu na jingine chini yake, kila moja unene wa inchi 1/8, yakabanwa pamoja kwa bolti nne zisizopungua inchi 3/8, ama yakachomelewa.

Nne asisahau propela. Kiungo chake cha mbele kikivunjika gari likiwa mbioni, ncha ya propela huanguka, ikachimba ardhi na kulirusha gari juu, au ikapanda na kupasua sakafu chini ya miguu ya dereva. Kinga yake ni pete ya chuma, unene wa inchi 1/4 na upana wa inchi 2, iliyofungwa si zaidi ya inchi 6 kutoka kwenye kiungo hicho. Ni kazi ya alasiri moja kwa mtu mwenye msumeno, keekee na mtambo wa kuchomelea.

Uchomeleaji wenyewe nao una sharti. Feleji ya kromiamu na molibdeni ni lazima ichomelewe kwa njia ya agoni, kwa mkono uliotulia. Na mshono hauruhusiwi kusagwa ili uonekane laini. Sharti hili limetupendeza kuliko yote. Mshono uliosagwa huvutia macho, lakini umepunguzwa chuma na umefichwa makosa yake. Mshono ulioachwa kama ulivyo humwonyesha mkaguzi kama moto ulipenya au haukupenya. Mkaguzi naye haridhiki na maneno. Aweza kupima unene wa bomba kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, bila kulikata, na ukweli ukajulikana.

Malalamiko na jibu letu

Wako wanaolalamika, na malalamiko yao si ya kupuuzwa. Husema kwamba sheria hizi ni mzigo kwa mtu mdogo na neema kwa wenye maduka. Hutaja mikanda, ambayo kwa sheria hubadilishwa au kushonwa upya kiwandani kila baada ya miaka miwili hata kama haijaonyesha dalili ya kuchakaa. Mtu anayeishi kwa mshahara wa wiki huuliza kwa nini atupe kitu kizima.

Jibu letu ni kwamba mkanda ni uzi, na uzi hudhoofishwa na jua. Baharia yeyote wa pwani yetu anajua kamba ya tanga iliyokaa juani: kwa macho ni nzima, lakini upepo ukishika hukatika. Hatukatai kwamba gharama inauma. Lakini dawa ya gharama ni watu kushirikiana, kununua kwa pamoja, kuazimana mashine ya kukunjia mabomba, na aliye hodari wa kuchomelea kuwafundisha wenzake. Kupunguza unene wa bomba si dawa. Bomba halijui kama mwenye gari ni tajiri au maskini.

Tena yapasa kusema kwamba kinga isiyotumiwa ipasavyo yaweza kuwa hatari. Kizimba kilichokusudiwa mtu mwenye helmeti na mikanda ya kumbana kitini chaweza kumuua mtu yule yule akiliendesha gari barabarani kichwa wazi, kwani kichwa chake kitagonga chuma kwa msukosuko mdogo tu. Kwa hiyo sheria haikuamuru chuma peke yake, bali chuma, mto, mkanda na helmeti kwa pamoja, na kimoja kikikosekana vingine havitoshi.

Wasomaji wetu wengi hawatapanda magari ya namna hiyo, wala hatuwahimizi kufanya hivyo. Lakini miongoni mwao wamo wanaochomelea bodi za mabasi, wanaofunga viti vya abiria, wanaojenga majukwaa ya kupakia rangi majumba, na wanaorudisha kifuniko cha mashine baada ya kuitengeneza. Fundi wa kizimba hamjui mtu atakayepinduka, na huenda akawa ameshakufa siku kazi yake itakapojaribiwa. Hali kadhalika aliyefunga kiti cha basi hamjui mama atakayekikalia na mtoto wake. Hapana budi basi kila mmoja wetu aichukue kazi ya mkono wake kana kwamba mkaguzi yu mlangoni na kipimo chake. Na mahali mkaguzi hayupo, achukue kipimo yeye mwenyewe na kuhesabu bolti zake mpaka zitimie nne.