Daftari la Madeni Ndani ya Kisanduku cha Sauti

Msomaji mmoja wa Morogoro, anayehariri vipindi vya redio nyumbani kwake, ameniletea swali. Kompyuta mpakato yake, akiichomeka hedifoni, hutoa mlio mwembamba chinichini, na mlio huo hubadilika kila anaposogeza kipanya. Rafiki yake amemshauri anunue kisanduku cha mezani kinachochomekwa kwenye USB, chenye kigeuzi cha sauti na amplifaya pamoja, na amekiona kimoja kwa bei isiyofika dola 100 za Marekani. Anauliza: kitu cha bei hiyo kitaishindaje kompyuta iliyomgharimu mara kumi zaidi?

Kinaweza, na mara nyingi kinashinda kwa mbali. Ndani ya kompyuta, sehemu ya sauti imebanwa kwenye bodi moja na prosesa, feni na saketi za umeme zinazowaka na kuzima maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde. Kipanya kikisogea, prosesa huamka, umeme inaouvuta hubadilika, na mabadiliko hayo hupenya hadi kwenye waya wa hedifoni. Kisanduku huihamisha kazi ya sauti kutoka kwenye bodi hiyo. Suala la kelele ya kipanya nadhani limekwisha. Linalonifurahisha mimi ni lile lililojificha nyuma ya swali: kigeuzi sahihi kiasi hiki kimewezaje kuwa rahisi kiasi hiki?

Sauti ya kidijitali ni orodha ya namba. Kwenye CD, kila sekunde zinasomwa namba 44,100 kwa upande wa kushoto na nyingine 44,100 kwa upande wa kulia. Kila namba ina biti 16, yaani inachagua ngazi moja ya volti kati ya ngazi 65,536. Kwa nini idadi hiyo inatosha, tuwaachie wanahisabati. Kazi ya kigeuzi ni kupokea namba hizo na kutoa volti inayopanda na kushuka.

Njia inayomjia mtu kwanza ni kupanga mikondo 16 ya umeme, kila mmoja ukiwa nusu ya ule uliotangulia, na kila biti iwashe au izime mkondo wake. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye chipu ni balaa, na balaa lenyewe liko mahali pabaya kuliko pote. Tazama wimbi la sauti linapovuka katikati, kwenye sifuri. Namba inageuka kutoka 0111111111111111 na kuwa 1000000000000000. Hiyo ni ngazi moja tu, lakini swichi zote 16 zimegeuka kwa mpigo: kumi na tano ndogo zimezima na moja kubwa imewaka. Mkondo wa hiyo kubwa unatakiwa kuzidi jumla ya zile kumi na tano kwa ngazi moja, sehemu moja kati ya 65,536. Mikondo hiyo hupangwa kwa rezista, na rezista anayonunua fundi redio dukani inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 1, na nyingine kwa asilimia 5. Tena hapo katikati ndipo sauti ndogo kabisa zinapopita na kurudi muda wote: wimbo unapofifia, mtangazaji anapovuta pumzi. Sauti kubwa hulificha kosa, ndogo hulianika. Ndiyo maana vigeuzi vizuri vya aina hiyo vilikuwa ghali. Kiwandani rezista zake zilirekebishwa kwa leza.

Sasa twende kwenye njia ya pili, ile iliyoshusha bei. Twende dukani kwa Mangi.

Mama mmoja huchukua maandazi ya shilingi 300 kila asubuhi. Yeye ana noti za elfu moja tu, na Mangi hana chenji. Kama hakuna daftari, kila siku wataamua upya: 300 iko karibu zaidi na sifuri kuliko na elfu moja, basi mama achukue bure. Mwezi mzima atakula bure na duka litafilisika. Hivyo hasa ndivyo sauti ndogo inavyopotea kwenye kigeuzi chenye ngazi chache: ikiwa chini ya nusu ya ngazi, inahesabiwa kuwa kimya.

Leta daftari. Siku ya kwanza deni ni 300, ya pili 600, ya tatu 900. Ya nne linafika 1,200. Mama anatoa noti, linabaki 200. Siku ya tano ni 500, ya sita 800, ya saba 1,100. Noti nyingine, linabaki 100. Ya nane 400, ya tisa 700, ya kumi 1,000 kamili. Noti ya tatu, deni limekwisha. Siku kumi, noti tatu, shilingi 3,000: sawasawa na bei ya maandazi yote. Hakuna hata siku moja ambayo mama alilipa kiasi sahihi. Kila asubuhi ama hakutoa kitu ama alitoa zaidi ya bei ya siku hiyo, na bado hesabu imefungwa bila shilingi kupotea. Na daftari halikuhitaji kukumbuka historia yote. Lilibeba namba moja tu, deni la jana.

Andika malipo hayo kwa 1 na 0: 0001001001. Mfululizo kama huo ndio unaozalishwa ndani ya kigeuzi cha aina ya delta-sigma. Kigeuzi hiki hakihangaiki na ngazi 65,536. Kikiwa cha biti moja kina ngazi mbili basi, kuwasha na kuzima. Hutoa noti zake kwa kasi, mamilioni ya mara kwa sekunde, na kosa la kila hatua hulibeba hadi hatua inayofuata. Mwishoni chujio dogo la rezista na kapasita huchukua wastani, na wastani huo ndio sauti. Mangi akipandisha bei hadi 310, noti zitaanza kuja kwa ukaribu zaidi: katika siku 100 zitakuwa 31 badala ya 30. Shilingi kumi, ambazo noti ya elfu haina uwezo wa kuzionyesha, zimeonyeshwa na muda. Usahihi umenunuliwa kwa kasi, na kasi ndiyo bidhaa ambayo silikoni huiuza kwa bei ya kutupa.

Makosa yenyewe yamekwenda wapi? Rudi kwenye daftari. Ukilinganisha malipo ya siku na siku, makosa ni makubwa. Ukilinganisha mwezi na mwezi, hayaonekani. Kwa sauti, maana yake ni kwamba kosa limeondolewa kwenye masafa ya chini na kupelekwa masafa ya juu. Sikio la binadamu huishia karibu kilohezi 20, na kigeuzi hulimwaga kosa juu ya mpaka huo. Kitendo hiki nakiita kufinyanga kelele. Wapo wanaosema kupunguza kelele, nami nalipinga neno hilo, kwa sababu ukijumlisha kelele ya masafa yote utakuta imeongezeka. Kilichobadilika ni umbo lake tu.

Faida yake inapimika. Ukizidisha kasi mara mbili bila daftari, unapata ahueni ya desibeli 3 kwenye kelele inayosikika, yaani nusu ya biti. Ukiwa na daftari unapata 9. Ukiongeza daftari la pili, linalojumlisha mabaki ya la kwanza, unapata 15 kila kasi inapoongezwa maradufu.

Wazo la kulibeba kosa mbele liliombewa hataza mwaka 1954 na Cassius Cutler wa Bell Labs, Marekani. Mwaka 1962 Inose na Yasuda wa Chuo Kikuu cha Tokyo, pamoja na mwenzao Murakami, waliupa mfumo wao jina la herufi za Kigiriki, delta-sigma. Lakini lililoufikisha ufinyanzi huu masikioni mwa watu wa kawaida ni tatizo la kiwandani. Philips ya Uholanzi ilikuwa na chipu ya biti 14, TDA1540, na mkataba wake na Sony kuhusu CD ukaishia kwenye biti 16. Sony ilitoa mashine yake, CDP-101, Oktoba 1982 ikiwa na kigeuzi halisi cha biti 16. Kwenye CD100 ya Philips, wahandisi waliiendesha ile chipu ya biti 14 kwa kasi mara nne, namba 176,400 kwa sekunde, na mabaki ya zile biti mbili zilizokatwa wakayabeba mbele. Fanya hesabu: kuzidisha mara mbili, kisha mara mbili tena, ni desibeli 18. Toa 5 hivi ambazo ufinyanzi huzila mwanzoni, zinabaki 13. Biti moja ni desibeli 6. Biti mbili zimerudi, na ziada kidogo! Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 kampuni hiyohiyo ilikuwa ikiuza vigeuzi vya biti moja vinavyokwenda kwa kasi mara 256, yaani hatua 11,289,600 kila sekunde.

Fungua leo kisanduku kama FiiO E10K, kilichotengenezwa na kampuni ya Guangzhou, China. Ndani utaikuta chipu ya Texas Instruments, PCM5102, ya ukoo huohuo wa delta-sigma, inayouzwa dola chache. Umbali kati ya sauti yake kubwa kabisa na kelele yake yenyewe ni desibeli 112. CD yenyewe, kwa biti zake 16, huishia 98 hivi. Kigeuzi cha bei nafuu kimeupita ule wimbo kinaoucheza.

Amplifaya iliyomo kisandukuni nayo ina kazi mbili: kuipa hedifoni nguvu, na kuwa na ukinzani mdogo upande wa kutoa, usiozidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni, ili besi isivimbe. Kwa mfano, hedifoni ya Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250 hutoa desibeli 96 kwa miliwati moja. Ipe volti moja, itapata miliwati 4, na sauti itafika desibeli 102. Ni kubwa mno tayari: Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa hiyo kama nyuma ya kisanduku kuna swichi ya kuchagua nguvu, iache upande wa nguvu ndogo.

Kwa ndugu yetu wa Morogoro: chomoa kwanza chaja na usikilize. Mlio ukitoweka, njia yake ni waya wa ardhi wa chaja. Ukibaki, nunua kisanduku, ukijua kwamba umeme wa USB nao unaweza kubeba uchafu kidogo. Usilipie zaidi kwa ajili ya biti 32 zilizoandikwa kwenye boksi. Ukisikiliza bila kuona, vigeuzi viwili vizuri ni vigumu kuvitofautisha, na pesa inayobaki itafanya kazi zaidi kwenye hedifoni.

Na daftari hili halikubaki kwenye muziki. Maikrofoni ndogo za kidijitali ndani ya simu nyingi hutuma sauti kama mfululizo wa biti moja, uliofinyangwa kwa njia hiyohiyo ikienda kinyume, kutoka sauti kwenda namba. Baadhi ya mizani za kidijitali za bei ndogo hutumia chipu ya HX711, ambayo nayo ni delta-sigma, ya biti 24. Huko hakuna haja ya maelfu ya matokeo kwa sekunde, yanatosha kumi. Muda wote unaobaki hutumika kulipa deni, na ndiyo sababu mizani rahisi huweza kuona tofauti ya gramu moja ya sukari.