Hadithi Kabla ya Penseli

Wazazi wengi wanapompeleka mtoto wa miaka 4 darasa la PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, wanachosubiri ni daftari lililojaa herufi. Lisipojaa, mwalimu huonekana hafanyi kazi. Shule za Waldorf hufuata njia nyingine, na naamini Kinango, kaunti ya Kwale, ina mengi ya kuokota humo.

Mfumo huu ulianza mwaka 1919 mjini Stuttgart, Ujerumani, pale Emil Molt, mwenye kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, alipomwomba Rudolf Steiner aanzishe shule ya watoto wa wafanyakazi wake. Kwa hiyo chimbuko lake ni watoto wa vibarua, ingawa leo sehemu nyingi karo yake ni ya wenye uwezo. Hapa Kenya, Shule ya Rudolf Steiner ya Mbagathi, nje kidogo ya Nairobi, imekuwapo tangu 1989.

Kabla ya miaka 7, mtoto wa Waldorf hafundishwi rasmi kusoma. Anacheza, anaimba, anafanya kazi za mikono, na anasikiliza hadithi ambayo mwalimu anaisimulia kwa kichwa, bila kitabu. Je, habaki nyuma? Mtafiti Sebastian Suggate na wenzake walilinganisha watoto wa New Zealand walioanza kusoma wakiwa na miaka 5 na walioanza wakiwa na miaka 7. Kufikia miaka 11 hivi, tofauti ya kusoma ilikuwa imekwisha, na waliochelewa walielewa walichosoma vizuri zaidi kidogo. Sababu si ngumu kuiona: anayefika kwenye herufi akiwa na lugha pana huwa ana cha kuzijazia.

Lugha hiyo, kwa mtoto wa Ndavaya au Samburu huku Kinango, ni Kiduruma. Bibi anayemsimulia mjukuu kisa cha sungura na fisi anamfundisha kukumbuka mtiririko, kutabiri litakalofuata, na kukaa kimya akafikiri. Au mtazame mtoto akijifunza kusuka ukili. Anahesabu miyaa, huu upite juu, huu upite chini. Akikosea mmoja, mchoro wote unapinda, naye anafumua mwenyewe bila kugombezwa. Hapo pana hesabu, subira na vidole vinavyojiandaa kushika kalamu.

Si kila kitu cha Steiner kinafaa kuchukuliwa. Imani zake za kiroho kuhusu ukuaji wa binadamu hazina ushahidi wa kisayansi, na baadhi ya maandishi yake kuhusu rangi za watu ni ya kukataliwa waziwazi. Lakini hadithi, mchezo na kazi za mikono havihitaji imani hizo, wala karo kubwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio 2017, unaruhusu vyote, na elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti.

Walimu wa PP1 na PP2, waiteni bibi na babu waje darasani mara moja kwa wiki. Nanyi wazazi, mtoto akirudi bila herufi, muulizeni amesikia hadithi gani, kisha mwacheni aisimulie mpaka mwisho.