Selimundu si Uchawi

Huku kwetu Khunyangu mtoto akilia kila mara kwa maumivu ya mifupa, macho yakawa manjano na damu ikapungua, wapo wanaosema amerogwa. Wengine humlaumu mama yake. Kumbe mara nyingi ni selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli.

Je, hutoka wapi? Karibu kila chembe ya mwili ina kromosomu 46, yaani jozi 23: nusu za baba, nusu za mama. Katika kromosomu ya 11 kuna jeni inayosaidia kutengeneza himoglobini ya damu. Ukirithi jeni mbovu kwa mzazi mmoja tu, wewe ni mzima, ila ni mbebaji. Ukirithi kwa wazazi wote wawili, chembe nyekundu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Kwa hivyo baba naye amechangia sawa na mama.

Wazazi wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Si ati akiugua mmoja, watatu wanaofuata wamepona!

Mbona kwetu wabebaji ni wengi? Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mbebaji hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria. Nayo malaria ni jirani yetu wa siku nyingi.

Basi vijana, tupimwe damu kabla ya kuoana, na mtoto mgonjwa afikishwe hospitalini mapema, si kwa mganga.