Kulisha Watoto Wachanga Wengi kwa Maziwa ya Unga

Maziwa ya mama ndiyo chakula bora cha mtoto mchanga. Lakini ziko nyakati ambapo mama hawezi kunyonyesha. Watu wa Beni na Butembo waliliona jambo hili wakati wa Ebola, mwaka 2018 hadi 2020. Virusi vya Ebola huweza kupita katika maziwa ya mama, kwa hiyo mama aliyeugua alitengwa na mtoto wake. Karibu na mahali pa kutibia Ebola palifunguliwa nyumba za watoto, na waliowabeba na kuwalisha walikuwa watu waliokwisha kupona ugonjwa huo. Watoto wachanga walipewa maziwa yaliyochanganywa tayari kiwandani.

Nyumbani hatuna maziwa ya namna hiyo. Bibi aliyeachiwa yatima watatu hununua maziwa ya unga katika mkebe. Mtoto wa kilo 4 huhitaji karibu mililita 600 kwa siku, yaani mililita 75 mara 8. Basi watoto watatu ni vikombe 24, mchana na usiku! Mlezi aliyechoka atasema, "Nitachanganya yote asubuhi." Hapo ndipo hatari ilipo. Unga huo unaweza kuwa na vidudu hata mkebe ukiwa mpya, na katika maziwa ya vuguvugu vidudu huongezeka upesi. Mtoto huharisha, naye aweza kufa.

Ziko kazi za kufanya pamoja, na iko kazi ya kufanya kila mara. Fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Safisha meza.

2. Chemsha vikombe na vijiko vyote pamoja katika sufuria yenye kifuniko. Kikombe ni rahisi kusafisha kuliko chupa ya kunyonyea.

3. Chemsha lita moja ya maji safi, maana maji machache hupoa upesi. Yakiisha kuchemka, yafunike, wala usingoje zaidi ya nusu saa. Maji yawe bado moto sana, nyuzi 70 au zaidi, ili yaue vidudu vya unga.

4. Pima maji katika kila kikombe, kisha tia unga kwa kijiko cha mkebe, kama mkebe unavyoagiza. Koroga.

5. Weka vikombe katika beseni la maji baridi, yasifike ukingoni. Jaribu tone moja juu ya kifundo cha mkono. Likiwa vuguvugu, mlishe mtoto.

6. Maziwa yaliyobaki baada ya saa mbili, yamwage. Usimpe mtoto mwingine.

Usiongeze maji ili mkebe udumu. Mtoto atashiba tumbo, lakini mwili utakonda. Mkebe ukikaribia kwisha na fedha hakuna, njoo hospitali mapema. Na mtoto akiharisha au akikataa kunywa, mlete siku ile ile.