Ukibakiza vitatu tu, utabakiza vipi?

Mwezi huu tuongee juu ya jambo ambalo kila nyumba inalo hata kama haijalipa jina: mambo tunayoyathamini, na lipi kati ya hayo linatangulia.

Kwa nini sasa? Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani (WFP) lilianza kuwapanga wakimbizi wa Uganda katika makundi kulingana na uhitaji. Tangu hapo nyumba nyingi zinapata pungufu ya zamani, na nyingine hazipati kitu. Pesa ikiwa ndogo, maneno yanakuwa makubwa. Baba anasema tununue mbegu. Mama anasema kwanza mtoto alipiwe shule. Bibi anasema tutume kidogo kwa jamaa waliobaki nyumbani. Kijana naye anataka simu. Hapo hakuna mjinga hata mmoja. Kila mtu anatetea kitu anachokithamini, ila kwa sababu hawajawahi kukaa na kukitaja, wanafikiri wanagombania shilingi.

Tuelewane kwanza. Simu ni kitu tu. Kinachothaminiwa nyuma ya simu labda ni kusikia sauti ya ndugu, labda ni kujifunza, labda ni kuheshimiwa na wenzake. Mbegu nazo ni kitu. Nyuma yake kuna kujitegemea. Ukijua kilicho nyuma, unaweza kukitafuta kwa njia nyingine. Usipokijua, utabaki kugombana juu ya simu.

Sasa hebu twende Mbale, mashariki ya Uganda, chini ya Mlima Elgon. Katika mitaa ya mji huo kama Namakwekwe, Muislamu, Mkristo na mwenye dini nyingine wananunua nyanya kwenye meza moja. Nje kidogo ya mji kuna kilima kinaitwa Nabugoye, na huko wako Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda. Siandiki habari zao ili mtu abadili dini yake, hapana. Nimewachagua kwa sababu historia iliwalazimisha mara kadhaa kuchagua, na tunajua walichagua nini na walilipa nini.

Mtu wa kwanza ni Semei Kakungulu. Alikuwa Muganda, jemadari hodari. Mwaka 1899 alishiriki kuwakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, akiwa upande wa Waingereza. Baadaye jeshi lake liliteka sehemu kubwa ya mashariki, na wenyeji wa huko hawakufurahia, tuseme ukweli. Yeye alitegemea kwamba Waingereza watamfanya mfalme wa nchi aliyoiteka. Hawakumfanya. Walimpunguzia madaraka, na kuanzia mwaka 1906 mpaka 1913 walimpeleka upande wa Jinja kuongoza baraza la Busoga.

Aliporudi Mbale, mtu aliyekuwa ametafuta cheo maisha yake yote alianza kuweka kitu kingine mbele: Biblia, na hasa vitabu vya Musa. Kwanza alijiunga na dini ya Malaki, ambayo wafuasi wake walikataa dawa za hospitali. Kisha mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Alipoambiwa kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya Wayahudi, alijibu kwamba basi wao ni Wayahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na maagizo kwa Kiluganda, na alifariki mwaka 1928. Ukubwa wa serikali hakuupata tena. Mtu anaweza kumsifu au kumlaumu, lakini hawezi kusema hakujua kinachotangulia.

Miaka ikapita, shida ikarudi kwa njia nyingine: shule. Shule nyingi za wakati ule zilikuwa za misheni, na mtoto aliyetaka kusoma alitakiwa kubatizwa. Mzazi afanye nini? Elimu ni kitu chema, na imani ya wazazi ni kitu chema. Nataka wasomaji washike hapo. Kuchagua kati ya jema na baya ni rahisi, hata mtoto wa darasa la pili anajua. Kinachotesa ni kuchagua kati ya jema na jema. Wengine walibatiza watoto wakasoma, wengine walikataa watoto wakakosa shule.

Halafu akaja Idi Amin, mwaka 1971. Ibada za Kiyahudi zilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Inasemekana Abayudaya walikuwa kama 3,000 hivi, na utawala ule ulipokwisha walibaki kama 300. Hao wachache walisali kwa kujificha. Kampala ilipokombolewa tarehe 11 Aprili 1979, jioni ya siku hiyohiyo ndiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza, sikukuu ya watu kutoka utumwani.

Sasa jamani, tusiwahukumu wale 2,700 waliotoka. Sisi wa kambi tunajua. Mtu aliyeacha nyumba, shamba na kaburi la mama yake ili watoto wapone, hakuacha kwa sababu havikuwa na thamani. Alipanga: uhai wa watoto kwanza. Na yule aliyebaki akisali gizani naye alipanga. Mpangilio wa mwenzako si lazima ufanane na wako ndipo umheshimu.

Kuna sehemu ya mwisho, na ndiyo ninayoipenda. Mkulima na mwanamuziki mmoja wa Abayudaya, J.J. Keki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, siku majengo yale mawili yalipoangushwa kwa ndege. Aliona chuki ya dini inafanya nini. Aliporudi kwenye vilima vya Mbale alijiuliza afanye nini yeye, mtu wa kahawa. Alianza kutembelea majirani zake Wakristo na Waislamu nyumba kwa nyumba, na mwaka 2004 wakaanzisha chama cha ushirika kwa jina la Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Uongozi wakaugawana watu wa dini zote tatu, na kahawa yao ikapata mnunuzi Marekani, Thanksgiving Coffee Company ya California, kwa bei nzuri kuliko ya wachuuzi wa barabarani. Mkulima mmoja mwenye gunia moja hasikilizwi na mtu. Mamia ya wakulima wakiwa pamoja wanasikilizwa.

Na lile jambo la shule? Nabugoye leo kuna sekondari yenye jina la Semei Kakungulu, na wanasoma humo Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Watu ambao zamani waliambiwa "badili dini ndipo usome" hawakumwambia mtoto wa mwingine hivyo. Zamani mzazi alilazimika kuacha kimoja kati ya imani na elimu. Hapa wametafuta njia ya kubeba vyote viwili. Haiwezekani kila mara, lakini ni vizuri kuitafuta kabla ya kukata kitu.

Basi, zoezi la nyumbani. Halihitaji daftari wala kalamu, na asiyejua kusoma analifanya sawa na msomi. Fanyeni jioni baada ya kula.

Kwanza, chora chini kwa kijiti duara tisa. Kila duara lipe jina pamoja: chakula, afya, shule, ibada, jamaa wa mbali, akiba, heshima, amani na majirani, kazi ya mikono. Kama nyumba yenu ina jingine, ongezeni.

Pili, kila mtu achukue punje tisa za maharage na kuweka moja katika kila duara. Sasa mkubwa wa nyumba aseme: "Mgao umepunguzwa." Kila mtu aondoe punje tatu kutoka duara tatu anazoona zinaweza kusubiri. Halafu tena: "Mgao umepunguzwa." Ondoeni tatu nyingine. Kila mtu amebaki na tatu. Hizo tatu ndizo anazozitanguliza kwa sasa.

Tatu, kila mmoja aeleze kwa nini, na wengine wanyamaze mpaka amalize. Watoto waanze, kwa sababu mtoto akimsikia baba kwanza atarudia maneno ya baba. Msishangae binti wa miaka 12 akibakiza "heshima" na kuondoa "shule". Usimkemee. Muulize kuna nini shuleni. Huenda hapo ndipo utasikia jambo ambalo hakuwahi kukuambia.

Nne, na hii ndiyo ngumu: linganisheni punje na wiki iliyopita. Pesa ilikwenda wapi? Saa zilikwenda wapi? Mtu anaweza kubakiza "ibada" na wiki nzima hakusali, au kubakiza "shule" na mtoto alibaki nyumbani siku tatu kulinda mdogo wake. Mdomo unataja tunachotamani, lakini mfuko na saa vinaonyesha tunachofanya. Msifanye kesi. Chagueni badiliko moja dogo tu kwa wiki inayokuja. Kama shule ndiyo ya kwanza, nani atakaa na mdogo siku ya kuchota maji? Mkishapata jibu la swali hilo, zoezi limefanya kazi.

Na kumbukeni, mpangilio si jiwe. Mgonjwa akiingia nyumbani, afya inaruka mbele. Akipona, mnakaa tena. Zamani za Amin kwenye kilima kile kipaumbele kilikuwa kutoonekana; mwaka 2004 kilikuwa kubisha hodi kwa jirani. Watu ni walewale, ila nyakati zimebadilika.

Jambo moja nawaomba kwa moyo wote. Siku hizi za njaa kuna nyumba zinazofikiria kumwoza binti mapema ili kupunguza mdomo wa kula. Kabla ya kufika huko, chezeni kwanza hili zoezi na binti mwenyewe akiwepo, akiwa na punje zake tisa mkononi. Mpeni nafasi aziweke mwenyewe, na baada ya hapo ndipo muongee.

Mkimaliza, msitupe maharage. Yaoshwe, yaingie chunguni kesho. Majibu yenu mnaweza kuyaleta darasani kwetu mchana baada ya vipindi, kwa mdomo au kwa karatasi, nasi tutayasoma toleo lijalo bila kutaja jina la mtu. Kaeni salama.