Wimbo wa Krismasi sebuleni: kasi, ufunguo na jirani wa ukutani

Familia kadhaa za Riyadh na Jeddah zimeniuliza maswali mawili kwa pamoja: je, tunaruhusiwa kuimba Krismasi nyumbani? Na mbona tukifuatisha rekodi ya kwaya kwenye simu tunaishiwa pumzi, na watoto wananyamaza kama wako msibani?

Kwanza sheria. Saudi Arabia haina makanisa, na ibada ya hadharani isiyo ya Kiislamu hairuhusiwi. Serikali imeeleza kwamba asiye Mwislamu anaweza kusali faraghani nyumbani kwake. Siku hizi baadhi ya maduka ya Riyadh huuza mapambo ya Krismasi, lakini duka kuuza taa si ruhusa ya kuimba barazani. Tena kanuni za staha ya umma za mwaka 2019 zina faini kwa muziki wa sauti kubwa kwenye makazi na kwa muziki wakati wa sala. Ushauri wangu: imbeni ndani, madirisha yamefungwa, bila spika, bila kurusha video. Familia mbili zinatosha. Anzeni saa mbili usiku. Isha huwa imeshasaliwa katika miji yote miwili.

Sasa muziki. Tuchukue wimbo unaoulizwa zaidi, Usiku Mtakatifu, ambao kwa Kijerumani ni Stille Nacht. Rekodi nyingi za kwaya huuvuta polepole mno. Haukuzaliwa hivyo. Uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 huko Oberndorf, Austria: maneno ya padri Joseph Mohr, muziki wa mwalimu wa shule Franz Xaver Gruber, sauti mbili za wanaume na gitaa moja, kwaya ikirudia mwisho wa kila ubeti. Kila kipimo kina mapigo sita yanayosikika kama mawili makubwa, mwendo uleule wa mama anayembembeleza mtoto mgongoni. Ukiuvuta sana, mama anasimama. Ufunguo wake ni wa meja, si wa huzuni. Majonzi tunayoyasikia yanaletwa na kasi, na pengine na umbali wetu na nyumbani.

Kasi ipimeni kwa pumzi. Mtu mmoja aweze kumaliza mstari wa kwanza kwa pumzi moja bila kuhangaika. Kwaya kubwa hupumua kwa zamu, huyu akivuta hewa yule anaendelea, ndiyo maana rekodi inaweza kujikokota. Nyinyi wanne kwenye zulia hamwezi, wala hamna haja.

Kuhusu ufunguo, Gruber aliuandika katika D. Vitabu vingi vya leo huuweka B bemoli, chini kwa toni mbili. Wimbo una upana wa noti 11. Do ya chini kabisa iko mwishoni mwa ubeti, na muda mfupi kabla yake kuna fa ya juu kabisa. Katika D, fa hiyo ni G ya juu: kanisani inapendeza, sebuleni mtoto anapiga yowe na jirani anagonga ukuta. Shusheni do iwe A. Waliozoea solfa hawana cha kujifunza upya, maana do ikihama, noti nyingine zote zinaifuata na majina yake yaleyale. Kama hamna kinanda, programu ya kulinganisha nyuzi za gitaa kwenye simu itawapa A. Na akina baba wa besi, samahani, nyinyi ndio mpunguze: sauti nzito hupenya ukuta kuliko soprano.

(Familia za Kiislamu, ujanja huu wa kushusha ufunguo unafaa kwa kasida za watoto pia.)

Mwaka 2026 tarehe 25 Desemba ni Ijumaa. Mkesha unaangukia Alhamisi usiku, na kesho yake hakuna shule, basi watoto wanaweza kuchelewa kulala.